Tarbushi Nyekundu Iliyogeuka Nyeusi: Kuhusu Kutia Rangi Picha na Filamu za Kale

Imekuwa desturi siku hizi, kila zikaribiapo tarehe 1 Julai na tarehe 13 Oktoba, picha za zamani za nchi yetu kupita kutoka simu hii hadi simu ile zikiwa zimevikwa rangi. Mwanamfalme Louis Rwagasore, ambaye vizazi vilivyozaliwa baada ya mwaka 1961 vilimjua kwa picha za kijivu tu, sasa anatutazama kana kwamba alipigwa picha juzi. Leo suti yake ni ya buluu, kesho ni ya kahawia. Hutegemea nani aliyeshika kompyuta.

Watu hufurahi, na sisi hatumo miongoni mwa wanaonuna. Rangi huwaleta wafu karibu. Kijana ambaye angepita mbele ya picha ya kijivu bila kusimama, husimama mbele ya picha yenye rangi. Walakini wasomaji wa ukurasa huu ni askari na polisi, watu ambao kazi yao ni kutazama na kisha kutoa habari ya walichokiona. Kwao haitoshi kusema kuwa picha inapendeza. Hapana budi waulize rangi ile imetoka wapi.

Na jibu, kwa ufupi, ni kwamba haikutoka katika picha. Kila rangi ina mambo mawili ndani yake: wangavu, yaani kiasi cha mwanga inachorudisha, na aina, yaani kama ni nyekundu, kijani au buluu. Filamu nyeusi na nyeupe ilihifadhi jambo la kwanza ikalitupa la pili. Kilichotupwa hakikujificha ndani ya karatasi kikimngoja fundi aje kukifichua, hakimo kabisa. Basi mwenye kutia rangi harudishi rangi iliyopotea, bali anaweka ya kwake mahali pake. Akiwa na elimu na subira ataweka iliyo sawa ama iliyo karibu na sawa. Akiwa na haraka ataweka yoyote.

Tena hata ule wangavu wenyewe si wa kuaminiwa bila kuulizwa maswali. Sahani za vioo walizotumia wapiga picha wa karne ya 19 ziliona mwanga wa buluu na urujuani, na karibu hazikuona kingine. Zilizofuata, ziitwazo othokromatiki, ziliongeza kijani na manjano, ila mbele ya nyekundu zilibaki vipofu. Filamu zenye kuona rangi zote, yaani pankromatiki, zilianza kuuzwa mwanzoni mwa karne ya 20, na katika sinema hazikuenea mpaka miaka ya 1920. Matokeo yake ni kwamba katika picha nyingi za wakati wa Wajerumani na za mwanzo wa Wabelgiji kitu chekundu huonekana cheusi, na kitu cha buluu huonekana cheupe kuliko kilivyokuwa. Anga lenyewe hutoka jeupe kama shuka, hata siku ambayo halikuwa na wingu.

Sasa mfikirie askari wa jeshi la Kongo ya Wabelgiji, Force Publique, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Alivaa sare ya buluu iliyoiva, mshipi wa kitambaa chekundu kiunoni, na tarbushi nyekundu kichwani. Mweke mbele ya sahani isiyoona nyekundu. Tarbushi inatoka nyeusi, mshipi unatoka mweusi, na ile buluu iliyoiva inatoka kijivu hafifu. Mtu wa leo asiyejua habari hii akimtia rangi, atampa kofia nyeusi na koti la kaki, na kwa macho ya watazamaji wengi kazi itaonekana safi kabisa. Ukweli ni kwamba amemvua askari yule sare yake akamvisha ya mwingine.

Jambo hili si la kitabuni tu. Katika mtaa wa Gasenyi, kaskazini mwa jiji la Bujumbura, eneo ambalo wengi hulitambua kwa sababu ya Ikulu iliyojengwa na China na kukamilika mwaka 2019, tulimkuta kijana mmoja mwenye kibanda cha kutengeneza simu ambaye pia hutia rangi picha za watu kwa malipo madogo. Mbele yake alikaa mzee mstaafu wa jeshi. Babu wa mzee huyo alitoka Maniema na safu ya Wabelgiji iliyoingia Usumbura mwezi Juni 1916, akabaki hapa, akaoa, akazaa. Imebaki picha moja tu ya babu, iliyopigwa Kongo kabla ya vita, imeliwa na wadudu pembeni. Kijana aliipiga picha kwa simu, akabonyeza, na kabla hatujamaliza kusalimiana babu alikuwa na rangi: koti la kaki, kofia nyeusi.

Mzee aliitazama kwa muda. Akasema, "Kofia hii si yake."

"Mzee, mashine ndiyo iliyochagua," akajibu kijana kwa adabu.

"Mashine haikuwapo, mwanangu. Nyanya yetu alikuwa akiifua kofia ile, na alitusimulia kuwa maji yalitoka mekundu kama ya kuoshea nyama."

Kijana hakubisha. Alifungua programu nyingine, akapaka nyekundu juu ya kofia kwa ncha ya kidole, kisha akauliza habari za koti. Mzee hakuwa na habari za koti. Sisi tulizijua, tukazitoa, na buluu ikaingia. Kazi ile ambayo mashine iliimaliza kwa sekunde chache ilichukua sasa karibu saa nzima. Picha iliyotoka haikuwa na mng'ao wa ile ya kwanza, lakini mzee aliitambua.

Tumeyaeleza haya kirefu kwa sababu yanaonyesha vyanzo viwili ambavyo mashine haina: kumbukumbu ya jamaa na kanuni ya sare. Chanzo cha pili ni chetu sisi wanajeshi. Sare haichaguliwi na mvaaji. Imeandikwa katika amri. Anayejua kikosi, mwaka na cheo anaweza kuzijua rangi nyingi katika picha bila kubahatisha. Kwa mfano, Force Publique ilihamia kaki katikati ya vita ile, kati ya mwaka 1915 na 1917, wala haikuhama kwa siku moja. Kwa hiyo tarehe ya picha hubadili rangi ya koti. Askari wa Wajerumani, kwa upande mwingine, alivaa kaki, na tarbushi yake ilifunikwa kwa kitambaa cha kaki chenye pindo la kukinga shingo. Picha za askari hao zilizopigwa na Mjerumani Walther Dobbertin ziko katika Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho la Ujerumani, ambayo mwaka 2008 ilifungulia dunia nzima picha zake zaidi ya 80,000 za kila namna. Tangu hapo imekuwa rahisi kwa kila mwenye kompyuta kuwapaka rangi askari wa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, ambayo Burundi ilikuwa sehemu yake, na wengi wamefanya hivyo bila kuuliza lolote.

Nishani nazo ni shahidi mzuri. Maelfu ya askari wa King's African Rifles kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland walipigana Burma mwaka 1944 na 1945. Aliyepewa Nyota ya Burma alivaa utepe wa buluu iliyoiva, wenye mstari mpana mwekundu katikati na mstari wa rangi ya chungwa katika kila upande wa buluu. Katika picha ya kijivu utepe huo ni mistari saba tu isiyosema kitu. Mwenye kuifahamu nishani hataukosea; mashine huufanya kuwa kitambaa cha kahawia.

Bendera je? Hapa tunaomba kila askari atege sikio. Tarehe 1 Julai 1962 bendera ya Burundi huru ilipandishwa: msalaba mweupe wa mshazari, nyekundu juu na chini, kijani pande mbili, na katikati, ndani ya duara jeupe, ngoma pamoja na mmea wa mtama. Ufalme ulipoondolewa Novemba 1966 ngoma iliondoka, mtama ukabaki. Na katika mwaka 1967 zikaingia nyota tatu nyekundu zenye ukingo wa kijani, ambazo zipo mpaka leo kwa maana ya Umoja, Kazi, Maendeleo. Katika picha nyeusi na nyeupe nyekundu na kijani huweza kutoa kijivu kinachofanana kabisa. Asiyeijua historia hii anaweza kuzigeuza rangi hizo, au, lililo baya zaidi, kuziweka nyota tatu juu ya mlingoti wa mwaka 1962 kwa kuwa ndiyo bendera aliyoizoea. Picha ya namna hiyo ikiingia katika kitabu cha shule itachukua miaka mingi kuiondoa humo.

Mtu atauliza: je, akili mnemba si imesomeshwa? Imesomeshwa, na ni vizuri kuelewa ilisomeshwa nini. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitangaza mwaka 2016 njia ya kuifundisha kompyuta kwa kuionyesha picha za rangi zaidi ya milioni 1, kila moja ikiwa imeondolewa rangi, ili ijaribu kuirudisha na kusahihishwa. Waliowekwa kupambanua picha ya kweli na ya kompyuta walidanganyika katika asilimia 32 ya majaribio. Miaka miwili baadaye programu iitwayo DeOldify ikatolewa kwa watu wote, na mwaka 2020 kampuni ya MyHeritage ikaifanya kazi hiyo kuwa ya kubonyeza kitufe kimoja.

Mashine ya namna hii hujua kuwa majani aghalabu ni ya kijani na anga aghalabu ni la buluu. Shati haliijui, maana shati huweza kuwa la rangi yoyote. Inapokosa uhakika, mara nyingi hukimbilia katikati ya rangi zote, na katikati ya rangi zote ni matope. Ndiyo sababu picha nyingi zilizotiwa rangi na mashine huonyesha watu wa zamani kana kwamba dunia nzima ilivaa kahawia. Msomaji anaweza kulijaribu hili mwenyewe bila gharama. Achukue picha ya rangi ya wapiga ngoma wetu, wale ambao ngoma yao iliingizwa katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2014, wakiwa na mavazi yao mekundu, ya kijani na meupe. Aiondoe rangi kwa simu, kisha aipe mashine iirudishe. Aziweke picha mbili ubavuni. Hatuhitaji kuongeza neno.

Tatizo la ngozi linastahili kutajwa peke yake. Mashine iliyosomeshwa kwa picha ambazo wengi wao ni watu weupe humwelekeza Mwafrika kwenye weupe, au humpa rangi moja tu ya udongo, yeye na ndugu zake wote, kana kwamba wametengenezwa katika kinu kimoja. (Wala si mashine za leo tu. Kampuni ya Kodak kwa miaka mingi ilipima rangi za picha zake kwa kadi yenye sura ya mwanamke mweupe, na ngozi nyeusi zikawa zinatoka bila umbo hata katika filamu ya rangi halisi.) Katika nchi yetu, ambako watu wameumizwa kwa sababu ya namna sura zao zilivyosomwa na wengine, kubadilisha sura ya marehemu hata kidogo si mzaha.

Kazi hii ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Picha zilipakwa rangi kwa brashi tangu miaka ya 1840. Zanzibar, nyumba za wapiga picha kama ya Gomes na ya Coutinho ziliuza kadi za posta zenye rangi ambayo kamera haikuiona kamwe, na wageni walizipeleka Ulaya wakiamini ndivyo Unguja ilivyo. Wakati huohuo rangi halisi ilianza kupatikana: mwaka 1910 ilitolewa Ujerumani kazi kubwa yenye picha za makoloni zilizopigwa kwa njia ya rangi tatu, na picha za namna hiyo leo ni hazina kwa mwenye kutaka kulinganisha.

Filamu ni mzigo mwingine. Dakika moja ya sinema ya kawaida ni picha 1,440. Mchezo wa dakika 90 ni picha 129,600. Mfaransa Georges Méliès alipeleka filamu zake katika karakana ya Bibi Elisabeth Thuillier mjini Paris, ambako wanawake walizipaka picha moja moja kwa brashi nyembamba, kila mmoja akishika rangi yake. Kampuni ya Pathé ikafuata kwa vibao vilivyokatwa matundu. Katika miaka ya 1980 kompyuta ilichukua nafasi ya brashi, na hapo ugomvi ukazuka. Tajiri wa Marekani Ted Turner alinunua filamu nyingi za zamani akaanza kuzitia rangi kwa ajili ya televisheni, na watengenezaji filamu wakapiga kelele. Warithi wa John Huston walilifikisha jambo hilo mahakamani Ufaransa kwa sababu ya filamu yake iitwayo The Asphalt Jungle, na tarehe 28 Mei 1991 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikakubali kuwa haki ya mtunzi ya kulindiwa heshima ya kazi yake inamlinda hata kama alitunga ng'ambo. Huston alikuwa amekwisha kufa, naye alipokuwa hai aliipinga rangi ile waziwazi.

Kwa filamu za vita hoja ni tofauti, kwa kuwa mpiga picha wa vita hakuchagua kijivu kwa sababu ya sanaa. Alichukua filamu aliyopewa. Peter Jackson wa New Zealand alikabidhiwa na Jumba la Makumbusho ya Vita la Uingereza takriban saa 100 za filamu za Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka 2018 akatoa They Shall Not Grow Old. Kabla ya rangi alisahihisha mwendo, maana kamera za kuzungushwa kwa mkono zilikwenda polepole kuliko sinema za leo, na ndiyo maana askari wa zamani huonekana wakikimbia-kimbia kama vifaranga. Sare alizilinganisha na zile alizozikusanya yeye mwenyewe. Wataalamu wa kusoma midomo waliletwa ili kujua askari walisema nini mbele ya kamera isiyo na sauti. Hiyo ndiyo kazi tunayoiita kazi. Lakini ni filamu ya vita ya Ulaya ya magharibi. Vita ileile iliyopita Usumbura, Kitega na Tabora mwaka 1916, pamoja na wapagazi wake wasio na idadi waliokufa njiani, haimo. Na filamu yake, ikitengenezwa siku moja, itahitaji watu wa hapa wanaojua maji ya kofia yalitoka rangi gani.

Kuna mahali ambapo rangi haitakiwi. Mwezi Aprili 2021 jarida la mtandao la Vice lilichapisha picha za wafungwa wa gereza la Tuol Sleng mjini Phnom Penh, ambako maelfu waliteswa na kuuawa kati ya mwaka 1975 na 1979. Msanii alizitia rangi, na baadhi ya nyuso akazitia tabasamu. Watu waliopigwa picha kabla ya kifo chao wakafanywa wacheke. Serikali ya Kambodia ililalamika, jamaa za waliokufa wakalia, na picha zikaondolewa. Nasi tunazo nyumba nyingi ambazo picha moja ya kijivu ndiyo pekee iliyobaki ya baba aliyetoweka mwaka 1972 au 1993. Mtoto ana haki ya kutaka kuiona sura ya baba yake kwa rangi. Kuongeza au kupunguza lolote katika sura hiyo, hakuna mwenye haki nayo.

Ndugu zetu polisi tuna neno nao la kazi yao ya kila siku. Kamera za usalama usiku hutumia mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho, na picha zake huwa za kijivu. Kijivu hicho si kile cha filamu ya kawaida. Chini ya mwanga huo nguo nyingi nyeusi hutoka nyeupe au kijivu hafifu, kwa sababu rangi iliyotiwa kitambaani huzuia mwanga wa kawaida na kuuachilia ule. Majani mabichi nayo hung'aa kama yamepakwa chokaa. Mshukiwa aliyevaa koti jeusi ataonekana ana koti jeupe. Sasa mtu aichukue picha hiyo, aipitishe katika programu ya kutia rangi, kisha ibandikwe ukutani kituoni: doria nzima itatoka kumtafuta mtu wa koti la rangi ambayo haikuwapo duniani usiku ule, na mpita njia mwenye koti la rangi hiyo atalala mahabusu. Hata shahidi aliyeona kwa macho yake akionyeshwa picha hiyo kabla ya kuandikisha maelezo, kumbukumbu yake itachafuka, naye ataapa kwa moyo safi juu ya rangi aliyoiona kwenye karatasi. Kwa hiyo picha iliyotiwa rangi isiingie katika jalada la upelelezi kama ushahidi, na shahidi aulizwe kwanza, aonyeshwe picha baadaye.

Kwa picha za nyumbani na za vikosini, ushauri wetu ni mchache. Picha ya asili isiguswe kwa brashi wala kwa dawa. Ishikwe kwa ukingo, ipigwe nakala, na rangi itiwe katika nakala. Nakala hiyo iandikwe pembeni kwamba imetiwa rangi, na nani, mwaka gani. Mahali ambapo rangi haijulikani, paachwe kijivu. Picha yenye kofia nyekundu na koti la kijivu haina aibu yoyote. Nyuma ya picha ya karatasi yaandikwe majina ya waliomo, mahali na mwaka, pamoja na rangi zilizothibitishwa na jina la aliyezithibitisha, na yaandikwe kwa penseli laini bila kukandamiza. Wino wa kalamu hupenya baada ya miaka ukatokea upande wa pili, aghalabu katikati ya uso.